Mtoto Asinziaye Mchana

Wazazi wapenzi, mtoto akisinzia darasani kila siku, msifanye haraka kumwita mvivu wala kusema amelogwa. Pengine ni malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na tezi za shingo kuvimba. Ukifika ubongoni, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa. Wazee waliogopa matibabu, kwani sindano ya aseniki iliua wagonjwa 5 hivi katika 100. Lakini tangu 2018 kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa Kongo: humezwa siku 10, pamoja na chakula. Basi mwombeeni mtoto, nanyi mkiwa njiani kumpeleka hospitali apimwe damu.