Mwalimu mpya asiachwe peke yake na watoto themanini

Daktari kijana anayesoma kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi haachiwi mgonjwa peke yake siku ya kwanza. Kabla ya kupata shahada yake anapita staji ndefu hospitalini, Sendwe au kwenye kliniki za chuo kikuu, akizunguka vitanda nyuma ya wakubwa wake, akiulizwa maswali mbele ya wagonjwa, akirekebishwa. Hata mzazi ambaye hakusoma anaona hiyo ni haki. Nani anataka kupasuliwa tumbo na mtu aliyejifunza upasuaji kwenye daftari?

Kwa mwalimu tunafanya kinyume. Kijana anapata diploma ya serikali Julai, anatafuta nafasi Agosti, na Jumatatu ya kwanza ya Septemba direkta anampa chaki, daftari la mahudhurio na darasa la kwanza la msingi lenye watoto 80, Katuba au Ruashi. Mlango unafungwa. Inspekta akipita, atapita siku moja, ataangalia kama fishi za masomo ziko tayari, ataweka sahihi na kuondoka. Mengine yote kijana atajifunza akiwa peke yake, na gharama ya kujifunza kwake italipwa na wale watoto wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Wengine watajibu kwamba staji ipo. Ni kweli, ipo. Mwanafunzi wa pedagojia katika sekondari anaifanya, na mwanafunzi wa ISP Lubumbashi pia anaifanya. Lakini tuseme ukweli jinsi inavyokwenda. Mwanastaji anakaa nyuma ya darasa siku chache akitazama. Kisha anaandika fishi ya somo moja, usiku kucha, kwa mwandiko mzuri, na utangulizi, maendelezo, muhtasari, matumizi. Anakuja na picha zilizochorwa kwa rangi. Mwalimu wa darasa amekwisha kuwaonya watoto wakae kimya kwa sababu kuna mgeni. Somo linafundishwa, wenzake wanaandika makosa yake, anapewa pointi. Wiki chache zinapita na anarudi shuleni kwake. Somo lile ni kama sherehe ya ndoa: ni zuri, lakini halikuambii ndoa yenyewe itakuwaje.

Mambo ambayo staji haionyeshi ndiyo yanayomshinda mwalimu mpya. Siku ya kwanza ya mwaka, wakati majina kwenye orodha na watoto walio mbele yako havilingani. Mtoto ambaye hana daftari hadi Novemba. Mzazi anayekuja saa moja asubuhi na hasira. Kusahihisha karatasi za mtihani za darasa zima, huku kesho yake buleteni zinatakiwa. Darasa la mchana, shule zetu nyingi zikiwa za zamu mbili, watoto wakifika wamechoka kwa jua na kwa njaa. Hakuna wiki tatu za staji zinazoweza kufundisha hayo. Yanatokea Septemba, yanabadilika Januari, na Mei yana sura nyingine kabisa.

Nichukue jambo moja tu, la lugha. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto wa komini ya Kenya anaingia shuleni akisema «bintu» na «batoto». Kitabu cha Kiswahili, kama kipo, kinasema «vitu» na «watoto». Na mzazi aliyemleta anataka asikie Kifaransa mapema iwezekanavyo, maana kwake shule ni Kifaransa. Mwalimu anasimama kati ya lugha tatu, na mbili kati yake zina jina moja. Mwalimu mzoefu wa Lubumbashi anajua lini amwache mtoto aongee kama nyumbani, lini amvute polepole kwenda kwenye neno la kitabu, lini alete Kifaransa bila kumtia hofu. Ujuzi huo haumo katika kozi zinazoeleza Decroly na Montessori, pamoja na heshima yangu kwao. Umo kichwani mwa mama fulani aliyefundisha darasa la kwanza miaka 25, na siku atakapoondoka, ataondoka nao.

Ndiyo maana naunga mkono wazo ambalo katika miji mingine limekwisha kuwa mpango wa kawaida: mwalimu mpya akae mwaka mzima wa shule katika darasa la mwalimu mzoefu kabla ya kupewa darasa lake. Wamarekani wameufuata mtindo huo, na wao wenyewe wanasema waliuiga kwa madaktari. Chicago ilianza 2001, Boston ikafuata 2003. Mwanafunzi wa ualimu anakuwa shuleni karibu wiki nzima, na masomo ya nadharia anayachukua pembeni. Septemba anatazama zaidi, baadaye anashika somo moja, kisha asubuhi nzima, na mwisho wa mwaka anaweza kuongoza darasa huku mwalimu mlezi akimtazama. Anapata posho ya kuishi. Naye anaahidi kufundisha miaka kadhaa katika shule za umma za mji huo, hasa zile ambazo walimu huzikimbia.

Najua jibu litakalokuja: Boston ni Boston, hapa ni Kongo. Basi tuangalie hapa.

Hapa Lubumbashi walimu wengi tayari wanafanya kitu kinachofanana na hicho, isipokuwa kwamba hawalipwi wala hawana mlezi. Ni wale tunaowaita N.U., walimu ambao shule imewapokea, jina limepelekwa, lakini serikali haijaanza kuwalipa. Wengine wanangoja mwaka mmoja, wengine wanangoja miaka mingi. Tangu 2 Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure ya msingi ambayo Katiba ya 2006 inayaagiza katika kifungu cha 43, watoto walifurika shuleni, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini pesa ya wazazi, ile ya motivasyo iliyokuwa ikiwashikilia walimu tangu miaka ya tisini, ilikatazwa kwenye shule za msingi za umma. Mwalimu aliyekuwa na namba ya matrikuli alibaki na mshahara wake mdogo. Yule wa N.U. alibaki na ahadi. Kila siku anaingia darasani, anafanya kazi ile ile, na jioni anauza mikate, anafundisha watoto wa jirani, anaendesha pikipiki.

Kwa hiyo vijana wa ualimu wa mji huu wanatoa muda wao, na wanatoa mwingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaongoza katika muda huo, na pesa ya kuwawezesha kula. Mimi naona tungeweza kuuchukua mwaka ule ule wa kungoja, ambao leo ni mwaka wa mateso, tukaufanya mwaka wa mafunzo wenye jina, wenye mlezi na wenye posho.

Lakini hatari ni kubwa, na majirani wetu wameionyesha. Nchini Kenya, Tume ya Huduma ya Walimu iliwachukua makumi ya maelfu ya vijana waliokwisha kupata vyeti na kuwaita walimu tarajali. Wale wa sekondari ya chini walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kiasi kilicho chini sana ya mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa. Mara nyingi hawakukaa kando ya mwalimu yeyote: walifundisha peke yao, vipindi vyote, kama walimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi ya Nairobi ilisema tume ilivunja haki zao, kwani walikuwa walimu waliohitimu na kusajiliwa. Mwezi uliofuata mgomo wao ulisimamisha masomo katika shule nyingi. Jina lilikuwa mafunzo, kazi ilikuwa ajira ya bei nafuu. Tukianzisha mpango huu Haut-Katanga bila kuweka kanuni, tutafika pale pale, na sisi hatuna hata zile shilingi 20,000.

Kanuni ya kwanza, na kwangu ndiyo inayobeba zote: mwalimu mwanafunzi asihesabiwe kama mwalimu wa shule. Naijua hali ya madirekta wetu. Direkta mwenye watoto 100 katika darasa moja, akiletewa kijana mwenye afya na fishi nzuri, atafanya hesabu haraka: hamsini huku, hamsini kule. Hata mimi ningeshawishika. Lakini siku hiyo mlezi amepotea na mpango umekufa. Inspekta akikuta darasa limegawanywa hivyo, shule iondolewe kwenye mpango mwaka unaofuata, bila mjadala mrefu.

Walezi wenyewe wako wapi? Wako, na tunawaona kila siku. Katika shule za mji huu kuna walimu wazee ambao umri wa kustaafu umewapita, wanaobaki darasani kwa sababu ukiondoka bila kulipwa haki ya mwisho wa kazi, unaondokea kwenye njaa. Watu wanawalaumu kwamba wanazuia nafasi za vijana. Mtu aliyefundisha toka enzi za Zaire, aliyepita migomo ya miaka ya tisini na mishahara iliyoliwa na kupanda kwa bei, ana kitu cha kumpa kijana. Apunguziwe mzigo wa kusimama saa zote, aongezewe kidogo juu ya mshahara, apewe kijana mmoja wa kumlea kwa mwaka. Si kila mzee anafaa, hilo tusidanganyane. Wako wanaofundisha kwa fimbo na kwa kuwanakilisha watoto ubao mzima. Kuchagua walezi kutahitaji macho ya inspekta na ya ISP, si urafiki na direkta wala ukabila.

Pia mpango hauwezi kupita bila makanisa. Tangu mkataba wa Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za umma inaongozwa na mitandao ya Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na waamini wengine wana shule zao pia. Ofisi zao za uratibu ndizo zinazoweka walimu. Zisipokubali, ISP itatuma vijana na vijana watarudishwa getini.

Halafu pesa. Kila mtu anaulizia pesa, na ni haki. Kodi ya madini, ule mrabaha ambao kampuni zinalipa, inagawanywa kwa mujibu wa Kodi ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hapa tunaongelea Haut-Katanga, jimbo la shaba na kobalti, na mgodi uko hata ndani ya Ruashi, komini ya mji wenyewe. Posho ya vijana mia moja kwa miezi kumi si mzigo unaoweza kuangusha bajeti ya jimbo. Ukilinganisha na magari ya ujumbe mmoja wa kiserikali unaopita barabarani kwetu, unaanza kucheka, kisha unaacha kucheka. Wanaochimba watatuambia kwamba wanajenga shule. Wanajenga kuta, ndiyo, na rangi nzuri, na kibao chenye jina la kampuni. Kuta hazifundishi kusoma.

Kwa upande wake, kijana aliyepata nafasi hii aahidi miaka mitatu ya kufundisha katika komini anakopelekwa: Katuba, Kenya, Kampemba, Annexe, Ruashi. Wengi wao wamezaliwa huko huko, kwa hiyo hatutakuwa tunawapeleka uhamishoni. Na masomo ya nadharia yafanyike ISP siku moja ya juma, Jumamosi kwa mfano, yakianzia kwenye yale yaliyotokea darasani juma hilo: mtoto asiyesoma, kundi la nyuma lisilosikia, mtihani ulioshindwa na nusu ya darasa.

Limebaki suala la namba ya matrikuli. Nikisikia mpango umeanzishwa, nitauliza kwanza kama kijana anaandikwa kwenye orodha ya DINACOPE siku anayoanza mwaka wa mafunzo, ili mwisho wa mwaka mshahara wake uanze bila safari za Kinshasa na bila kumpa mtu bahasha. Septemba 2024 tuliwasikia walimu wakidai dola 500 kwa mwezi na madarasa yakibaki matupu katika majimbo kadhaa. Hakuna mafunzo yatakayomshikilia mtu asiyelipwa. Jimbo na wizara wakitia sahihi juu ya hilo, nitawatuma vijana wa familia yangu wajiandikishe. Wakikataa, wakisema namba itakuja baadaye, nitawashauri watafute kazi nyingine, na sitaona haya.