Kimya cha Dukani

Mwezi huu natamani tufuatane mjini.

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, hatua chache kutoka Mtaa wa Samora, liko jengo dogo la maduka lenye ghorofa tatu. Nililizoea tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Siku hizo ikifika saa saba mchana hupati pa kukanyaga, maana wafanyakazi wa maofisini walishuka kununua viatu, vitenge na zawadi za harusi. Mwaka 2006 Mlimani City ikafunguliwa, yenye maegesho mapana, na wenye magari wengi wakahamia huko. Kuanzia mwaka 2016 wizara nazo zikaanza kuhamia Dodoma. Anayetafuta bei nafuu anakwenda Kariakoo. Jengo letu likabaki kimya.

Nilikwenda Alhamisi moja kununua kitenge cha sare ya kikundi chetu. Nilikuwa natoka kanisani, ambako huwa tunawapima wazee presha, na mashine ilikuwa bado mkobani. Ngazi za umeme zilikuwa zimezimwa, nikapanda polepole. Ghorofa ya kwanza nilihesabu milango saba ya chuma iliyoshushwa. Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Hakuna kusukumana, hakuna kuitwaitwa, hakuna kukumbatia pochi. Nikajisemea, mama mwenye watoto wadogo angenunua hapa kwa raha.

Mwenye duka la vitenge ni mama mwenzetu wa kikundi. Ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja. Nilimkuta amekaa nyuma ya majora ya vitambaa, anajifuta jasho.

"Karibu, Sista. Wewe ndiye mteja wa kwanza tangu Jumatatu."

Aliposimama kunikatia kitambaa, akashika meza. Akasema kichwa kinamgonga siku ya tatu sasa. Nikamkalisha, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tukakaa dakika tano bila kuzungumza, na hakuna aliyetukatiza. Mashine ikasoma 172 kwa 104. Nikangoja kidogo, nikarudia: 168 kwa 102. Kumbukeni kwamba 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu.

"Dada, una nini?" nikamuuliza.

Ndipo akalia. Kodi ya miezi sita ilipomshinda, alikwenda kukopa shilingi 500,000 kwa wale wanaoitwa kausha damu. Marejesho yalikuwa ya kila siku, na wateja hawapo. Akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Mumewe hakujua lolote. Kila asubuhi alimuaga kwamba anakwenda kazini, naye alimwombea baraka.

"Nitamwambiaje, Sista? Yeye ndiye aliyeuza kiwanja ili nifungue duka hili."

Sikumhubiria. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, aende kituo cha afya siku ileile. Vipimo vya siku moja havitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa presha, lakini namba zile pamoja na kichwa kile si vya kungoja. La pili, amwambie mumewe. Akanijibu kwamba la kwanza ndilo rahisi.

Alimweleza baada ya siku nne. Mume alikasirika, akanyamaza siku mbili nzima. Kisha akaomba daftari, wakaandika madeni yote. Wakagundua kwamba mkopeshaji mmoja hana leseni ya Benki Kuu, ingawa sheria ya mwaka 2018 inawataka wafanyabiashara wa mikopo kama yeye wawe nayo. Leo duka wameliacha, na dada yetu anashonea nyumbani. Deni bado lipo, ila wanalilipa wawili. Presha inashuka kwa dawa.

Jambo moja linanisumbua. Ukimya wa jengo lile niliuona mara tu nilipoingia. Lakini mwenzetu alikuwa hajafika kikundini kwa miezi miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Tulidhani biashara imemchanganyia.

Je, mama, kikundini kwako yupo aliyenyamaza? Usiishie kumpigia simu. Nenda dukani kwake, nunua hata mita moja, kisha omba kiti ukae. Nawe uliyeficha deni chini ya godoro, mwambie mwenzako usiku huu, watoto wakishalala. Atakasirika, pengine sana. Lakini ni afadhali hasira ya siku mbili kuliko kumwacha ayasikie hayo wodini, akiwa amesimama kando ya kitanda chako. Nimewaona wanaume wakisimama hivyo, nami najua walivyotuuliza: "Kwa nini hakuniambia?"

Tuonane mwezi ujao.