Msajili wa Lugha Naye Asimamiwe

Mwaka 2007 ilichapishwa orodha ya kimataifa inayoipa kila lugha ya ulimwengu alama ya herufi tatu. Kihangaza cha Ngara kilipata han, Kishubi kikapata suj, na Kisubi, kilichoandikwa kando kuwa lugha nyingine ya Tanzania, kikapata xsj. Baadaye xsj ilipitishwa kuwa haifai kutumika tena, na yeyote aiandikaye sasa huelekezwa kwenye suj. Yaani majina mawili yamehesabiwa kuwa lugha moja.

Huenda ofisa wa wilaya akauliza herufi tatu zinamhusu nini. Zinamhusu. Simu au kompyuta, kabla ya kukagua tahajia au kumtafutia mtu maandishi ya lugha yake, huisoma kwanza alama hiyo. Lugha moja ikipewa alama mbili, maandishi yake hutawanyika. Na lugha mbili zikitiwa chini ya alama moja, iliyo ndogo humezwa na mwenziwe.

Kwa wazee wa huku majina hayo ni zaidi ya herufi. Bushubi ilikuwa nchi upande wa Ngara, na Rusubi nchi upande wa Biharamulo, kila moja na mtawala wake, hadi utawala wa jadi ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963. Hatudai kwamba uamuzi wa kuunganisha alama ni kosa, kwani watu wa tawala mbili waweza kusema lugha moja. Twasema kwamba shahidi wa kwanza katika shauri hili ni mwenyeji wa Ngara na wa Biharamulo, wala si kufanana kwa majina.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Shirika la SIL la Marekani hutunza orodha ya herufi tatu, na maombi ya kuibadili huwekwa wazi ili watu watoe maoni. Kisha alama huingizwa katika daftari la intaneti linalotunzwa na IANA, ambako mhakiki aliyeteuliwa na wakuu wa uhandisi wa intaneti hulipima kila ombi, na watu hupewa majuma mawili ya kusema. Katika daftari hilo alama haifutwi kamwe. Huandikwa tu kuwa imepitwa.

Wahakiki wa madaftari ya namna hii, aghalabu, ni watu wa kujitolea, na twawapongeza kwa dhati. Lakini kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kukaguliwa. Mwongozo wa mwaka 2017 unasema mhakiki akikaa kimya mno, jambo lipelekwe kwa waliomteua. Na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa. Hayo ni mema, ila yote huanza pale mtu anapolalamika. Nani wa Rulenge atalalamikia uamuzi ambao hakupata kuusikia? Majuma mawili hayatoshi hata barua kuzunguka kata za Ngara wakati wa masika!

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba wanaowateua wahakiki wasingoje rufaa. Wachukue maamuzi machache kila mwaka, wayapitie upya, waulize sababu ziko wapi kwa maandishi na ni mwenyeji gani aliyeulizwa. Mhakiki naye awe na msaidizi, maana mtu mmoja huugua, husafiri, na huchoka.

Kwa upande wetu tusijifanye hatuna kosa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, lakini ni ofisi ngapi za wilaya zimeifungua? BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina dhamana ya Kiswahili. Lugha hizi nyingine hubaki mikononi mwa wenye nazo. Ndugu zetu wa visiwani nao wasidhani shauri hili ni la nchi kavu: Kikerewe kimeandikwa ked, Kizinza zin, na mabadiliko yake hupitia mlango huo huo.

Maafisa utamaduni wa Ngara na Biharamulo wanaweza kuanza mwezi huu. Wawaite walimu wawili na wazee watatu kutoka kila upande, wawasikilize wakizungumza kila mmoja kwa lugha ya kwao, na waandike wanapoelewana na wanapopotezana. Karatasi hiyo itumwe SIL pamoja na majina ya vijiji ilikotoka.