Chipsi mayai: Karai moja, mizigo mingi

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mshika mbili moja humponyoka. Wauza chipsi wa Dar es Salaam ni miongoni mwa wafanyabiashara wachache ambao wameufuata usemi huo kwa vitendo. Wameshika moja tu, nayo ni chipsi mayai, ambayo vijana wa mjini huiita zege. Kutoka Mbagala hadi Tegeta, na kutoka Kariakoo hadi Gongo la Mboto, ni nadra kukuta mtaa usio na kibanda chenye kabati la vioo, karai la mafuta, jiko la mkaa na trei za mayai.

Mteja wa kibanda hicho haletewi orodha ya vyakula. Anaulizwa mambo mawili au matatu tu: mayai mangapi, anakula hapo au anafungiwa, na je, awekewe kachumbari na pilipili. Wengine huongeza mishkaki. Baada ya dakika chache anakula, analipa na kuondoka.

Urahisi huo ndio unaowafanya watu wengi, wakiwamo watunga sera, waione biashara hii kuwa ndogo na isiyostahili kujadiliwa. Hata hivyo, ukweli ni kwamba kwa wapangaji wa chumba kimoja, wanafunzi wa vyuo, makondakta, mafundi na walinzi, kibanda cha chipsi ndilo jiko lao la usiku. Chakula hicho kikipanda bei au kikiharibika ubora, wanaoumia ni wengi kuliko wanaoonekana kwenye mabenchi yake.

Nguvu ya mlo mmoja

Kuna sababu za kiuchumi zinazofanya kibanda cha mlo mmoja kisimame mahali ambapo hoteli yenye vyakula kumi huanguka. Mama lishe anayepika wali, ugali, maharage, samaki na nyama hulazimika kukisia asubuhi wateja watataka nini mchana. Akikosea, chakula kinalala. Muuza chipsi hana tatizo hilo kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa kiazi kisichomenywa leo kitamenywa kesho, na yai lisilovunjwa leo litavunjwa kesho kutwa.

Aidha, mtaji wake ni mdogo, ujuzi wake unafundishika kwa muda mfupi, na kasi yake ya kuhudumia ni kubwa. Viazi hukaangwa mapema na kuhifadhiwa kabatini, kisha hurudishwa kikaangoni pamoja na mayai mteja anapofika. Ndiyo maana kijana aliyetoka mkoani na kuanza kama mmenya viazi huweza baadaye kumiliki karai lake mwenyewe.

Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Hoteli yenye vyakula vingi, bei ya mchele ikipanda, humwelekeza mteja kwenye ugali, na samaki wakiadimika hupika maharage. Muuza chipsi hana pa kukimbilia. Bidhaa zake ni nne tu, yaani viazi, mayai, mafuta na nishati, na kila moja ikitikisika sahani nzima inatikisika.

Somo la mwaka 2022

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2022. Vita vilivyoanza Februari mwaka huo kati ya Urusi na Ukraine viliyagusa mataifa mawili yanayoongoza kuuza mafuta ya alizeti duniani. Kabla soko halijatulia, Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ilizuia kuyauza nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Tanzania, ambayo ilikuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, haikuwa na kinga, na bei zikapanda hadi katika maduka ya mitaani.

Si kwamba hatari hiyo haikujulikana. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi yanayoagizwa hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi asilimia 35, kwa lengo la kumlinda mkulima wa ndani. Baadaye mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu iliwekewa mkazo katika alizeti, huku Kigoma ikielekezwa kwenye michikichi. Hatua hizo zina mantiki. Hata hivyo, ushuru hupandisha bei siku unapoanza kutozwa, wakati mchikichi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Katika pengo hilo la miaka, anayelipa ni mlaji, na muuza chipsi ni mlaji mkubwa wa mafuta kuliko familia yoyote mtaani kwake.

Mafuta yanapopanda, muuza chipsi ana njia tatu. Ya kwanza ni kupandisha bei, jambo analoliogopa kwa sababu kibanda cha jirani kiko hatua chache tu. Ya pili ni kupunguza chipsi katika sahani, na hapo mteja hulipa kiasi kile kile huku akishiba kidogo. Ya tatu ni kuyatumia mafuta yale yale kwa siku nyingi zaidi.

Njia hiyo ya tatu ndiyo ya hatari. Mafuta yanayochemshwa mara kwa mara hubadilika rangi na harufu, huwa mazito, na huzalisha kemikali zisizofaa kwa afya ya mlaji. Mteja haoni badiliko hilo kirahisi, kwani yai na pilipili huficha ladha. Kwa maneno mengine, bei ya sahani inaweza kubaki pale pale kwa sababu sehemu ya gharama imehamishiwa mwilini mwa anayekula.

Je, nani analinda? Mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula lilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mitaani, maofisa afya wa halmashauri ndio wanaotarajiwa kupita. Lakini kibanda cha chipsi huchangamka jua likizama, wakati ofisi za umma zimefungwa. Ukaguzi wa saa nne asubuhi hukuta karai limefunikwa.

Mkaa na gesi

Mzigo mwingine ni nishati. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, na tarehe ya mwisho iliwekwa kuwa Januari 31, 2024.

Agizo hilo liliwalenga walio na majengo na bajeti, kama vile shule, magereza na hospitali. Kibanda chenye shughuli nyingi nacho kinaweza kuuza sahani zaidi ya 100 kwa siku, lakini si taasisi. Hakina bodi wala mhasibu wa kuandika maombi ya fedha. Mitungi ya kilo sita iliyouzwa kwa ruzuku inaifaa familia inayopika mara mbili au tatu kwa siku. Karai linalotakiwa kuchemka tangu alasiri hadi usiku wa manane huimaliza haraka, na gesi ikiisha saa tatu usiku biashara ya siku imekwisha. Mkaa, pamoja na madhara yake kwa misitu na mapafu ya mpishi, una sifa moja ambayo gesi haijaipata mitaani: hununuliwa kwa kopo, kulingana na fedha iliyopo mfukoni.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ingeweza kusaidia kununua majiko na mitungi mikubwa. Tatizo ni kwamba utaratibu wake umejengwa juu ya vikundi, wakati muuza chipsi kwa kawaida ni mtu mmoja na msaidizi wake.

Kiazi ni chetu

Katika hayo yote, lipo jambo la kujivunia. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zilichelewa. Wakenya walikasirika, kwa kuwa wakulima wao walikuwa na viazi. Kibanda cha Dar es Salaam hakijapata aibu hiyo. Viazi vyake hutoka Njombe, Mbeya, Iringa na Lushoto, hivyo kila sahani inayoliwa Manzese humlipa mkulima wa nyanda za juu. Hata huko ipo kasoro ya lumbesa, kwani sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini magunia yenye vilemba yameendelea kumpunja mkulima.

Kwa hiyo, anayetaka kujua kama sera za mafuta ya kula, nishati na vipimo zinafanya kazi, hana haja ya kusubiri ripoti. Sera hizo zote hukutana katika karai moja. Kinachohitajika ni Serikali na halmashauri kumtambua muuza chipsi kama mtoa huduma ya chakula: kumpa mkopo wa mtu mmoja mmoja, mtungi unaolingana na kazi yake, na ofisa afya anayepita usiku kwa lengo la kuelekeza kabla ya kutoza faini.

Bila hivyo, sahani itaendelea kuuzwa kwa bei ambayo mlaji anaimudu, na hatauliza mafuta yaliyoikaanga yana umri wa siku ngapi.