Kipande Shingoni

Msomaji, karibu utatimiza miaka 18, nawe utakwenda kutoa alama za vidole ili upewe kitambulisho. Kabla ya kunyoosha mkono, kifikirie kipande.

Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, bwana wake wa kazi na ujira wake. Ilitiwa katika kijaluba cha bati, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Aliyeacha kazi bila sahihi ya bwana wake alisakwa na polisi akahukumiwa. Serikali ikasema huo ni utaratibu tu. Utaratibu! Hata kengele ni utaratibu, ukimwuliza mchunga.

Utanijibu kwamba yale yalikuwa ya wakoloni, na serikali ya leo ni yetu. Ni yetu, lakini sheria iliyoanza kutumika mwaka 2019 iliiruhusu kukusanya hata vinasaba vya raia, na mahali hasa ilipo nyumba yake. Mahakama Kuu ilizuia hayo Januari 2020, kwa kuwa wapo waliothubutu kushtaki.

Sisemi tusiandikishwe, kura haipigwi bila daftari. Nasema kwamba ofisa atakaye kilicho mwilini mwako au nyumbani mwako, yeye ndiye adaiwaye sababu, si wewe. Mwulize, kwa adabu, ni sheria gani, na umwombe akuonyeshe ilipoandikwa.