5G ya Tabora itaishia sokoni?

Makamanda, 5G tuiongelee kwa hesabu, siyo kwa mbwembwe. Ilipozinduliwa Dar mwaka 2022 tulishangilia kasi. Wachache waliuliza mawimbi yenyewe yanafika wapi.

Fizikia haina chama. Masafa yakipanda, wimbi linakuwa fupi na linachoka upesi. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa kama sentimita 43, na linavuka pori. La gigahezi 26, mojawapo ya masafa ya juu ya 5G, ni kama sentimita moja tu. Ukuta, majani ya miti, hata mvua kubwa vinalidhoofisha. Wahandisi wana dawa mbili. Ya kwanza ni antena nyingi ndogo zinazoshirikiana kumulika mawimbi upande alipo mteja, kama tochi badala ya kandili. Ya pili ni ripita, kifaa kinachopokea mawimbi yaliyochoka na kuyasukuma mbele.

Sisi wa Tabora ripita tuliijua kabla ya simu. Msafara wa Bagamoyo kwenda Ujiji uliishi kwa vituo, na Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa hodari, ila bila kambi yenye maji asingefika.

Sasa ile tochi itamulika penye wateja wengi. Itafungwa mjini, siyo Sikonge ndani kwenye miombo na tumbaku. Kampuni siilaumu, ni biashara. Naibana serikali, maana masafa ni mali ya umma na ndiyo inayoyagawa. Mei 2023 ilisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Sawa. Lakini kata zetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, na mnara mmoja hauzibi mashimo yote.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni kwa anayetumia masafa, na ni haki: ripita ya kichochoroni inavuruga mtandao wa jirani. Basi TCRA ifungue leseni nyepesi kwa shule, zahanati na serikali za vijiji, kwa vifaa ilivyovikagua. Na kila leseni ya 5G itaje vijiji na tarehe, ichapishwe tusome. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kufanya mawasiliano. Mtu wa Ulyankulu anautumiaje kama hadi apande mti?

Atakayekuja Kaliua kuomba kura, hata awe wetu, muulizeni hilo la leseni. Akijibu "tutaleta 5G" bila kutaja kijiji, mrudisheni akajipange.