Pinde Tatu, Bega Moja

Dada mmoja aliyeko Ohio ametuandikia. Mumewe ameanza kuwinda kulungu kwa upinde wa jadi, ule usio na makapi wala kifaa cha kulengea. Alimwambia ni mchezo wa bei nafuu. Sasa ukutani kuna pinde tatu, wa nne ameshauagiza, na pesa ya kumtumia mama mkwe imepungua. Je, anune au anyamaze?

Dada, usinune wala usinyamaze. Shemeji alisema kweli, ila nusu. Upinde wa kiwandani unaotosha kujifunzia na kuwindia hupatikana kwa chini ya dola 200. Lakini mafundi wanaochonga kwa mkono hudai hata dola 1,000 na zaidi kwa upinde mmoja. Na kwa kuwa upinde wa jadi hauna vipuri vingi vya kubadilisha, mwenye tamaa hubadilisha upinde wenyewe.

Shida ni kwamba shabaha hainunuliwi dukani. Mpigaji hutegemea jicho, bega na mazoea ya mwili. Kila upinde una uzito wake wa kuvuta, na mshale unaoufaa mmoja huenda ukayumba kwenye mwingine. Mwenye pinde tatu huanza darasa la kwanza mara tatu. Gharama ya mwisho huilipa mnyama: akipigwa vibaya, hukimbia na jeraha akafie mbali.

Watazame Wahadzabe wa kwetu, karibu na Ziwa Eyasi. Upinde wao ni mti uliochongwa, ugwe ni kano za mnyama, na vigumba vya chuma huvifua kutokana na misumari. Jitihada yao iko kwenye mishale, na kwenye mazoezi yanayoanza mtoto angali mdogo.

Basi kaeni mezani mpange hivi:

Upinde ni mmoja, wa vipande vitatu. Mabawa yake hufunguliwa, hivyo aanze na mepesi, ya paundi 30 hivi, kisha anunue mazito peke yake bega likizoea. Kabla ya kuingia porini aangalie sheria ya jimbo, kwani mengi huweka uzito wa chini unaoruhusiwa.

Msibane pesa kwenye mishale inayolingana, vigumba vikali, leseni, na mkanda wa usalama kama anawindia juu ya mti.

Upinde mpya ukiingia, wa zamani uuzwe. Pinde za mitumba zina wateja.

Pesa ya mama itumwe kwanza, tarehe ileile kila mwezi.

Kulungu mkubwa mmoja huweza kuwapa kilo 20 za nyama au zaidi, kwa hiyo mchezo huu una faida nyumbani. Ila kabla ya upinde wa nne kufika, muulize kwa upole: “Baba, wiki hii umepiga mishale mingapi?” Kama hesabu ni ndogo, agizo linaweza kufutwa.